Neno Lililopita Kivu Bila Kuacha Unyayo



Askari yeyote aliyepata kusimama uwanjani alfajiri anajua ya kuwa somo lake la kwanza halikuwa la kushika silaha, bali la kuuweka mguu chini. Mguu sawa, mguu pande, mbele tembea, nyuma geuka: kabla hajafundishwa kulenga shabaha, kuruta hufundishwa kukanyaga ardhi kwa wakati mmoja na wenzake. Ni jambo dogo kulitazama, lakini jeshi lisiloweza kukanyaga pamoja haliwezi kufanya lolote pamoja. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika lugha nyingi za dunia kitenzi cha kukanyaga kimebeba maana nyingi kupita kiasi: amri, njia, kazi, kosa, na hata uonevu.

Leo tutakifuata kitenzi kimoja cha namna hiyo, cha lugha za Ulaya ya kaskazini, tangu maandishi yake ya zamani mpaka kwenye fukwe za Ziwa Kivu, jirani na kisiwa cha Nkombo katika Wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda. Kisha tutajiuliza kwa nini kitenzi hicho, kilichopata kutolewa kama amri mbele ya askari Waafrika, hakikubaki katika Kiswahili, hali maneno mengine ya watu wale wale yamebaki mpaka leo vinywani mwa watoto wetu. Jibu lake lina funzo kwa kila nyumba, na hasa kwa nyumba ya askari, ambaye leo yuko hapa na kesho amehamishwa.

UKOO WA KITENZI

Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi, Kiswidi na Kiaislandi ni lugha za ukoo mmoja, kama vile Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kiganda zilivyo za ukoo wa Kibantu. Katika ukoo huo wa kaskazini, kitenzi chetu ni *treten* kwa Wajerumani, *tread* kwa Waingereza, *treden* kwa Waholanzi, *träda* kwa Waswidi na *troða* kwa watu wa Aislandi. Hata asiyejua lugha hizo huona ya kuwa hao ni ndugu wa tumbo moja.

Msomaji atauliza: kwa nini Mwingereza anatamka *d* pale Mjerumani anapotamka *t*? Jambo hilo si la bahati. Siku, kwa Kiingereza *day*, kwa Kijerumani ni *Tag*. Bustani, *garden*, ni *Garten*. Na kupanda farasi, *ride*, ni *reiten*. Sauti moja imegeuka kwa kanuni. Mambo hayo tunayo hata sisi. Kiswahili husema kulala, Kinyarwanda husema *kurara*. Kiswahili kulia, Kinyarwanda *kurira*. Kiswahili kulea, Kinyarwanda *kurera*. Mtu wa Cyangugu na mtu wa Tanga wakikaa kitako na kuyapanga maneno yao, wataiona kanuni hiyo bila ya kufundishwa na mtaalamu.

Maandishi ya zamani yenye kitenzi hiki yametoka kwa Wagothi, taifa la kale ambalo lugha yake imekwisha kufa. Katika karne ya 4, askofu wao aitwaye Wulfila aliifasiri Biblia kwa Kigothi, na nakala mashuhuri ya kazi hiyo, iliyoandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu, imehifadhiwa mjini Uppsala, Uswidi. Humo, katika Injili ya Luka, kitenzi hicho kwa umbo la *trudan* kimetumika pale wanafunzi wanapopewa mamlaka ya kukanyaga nyoka na nge. Katika Injili hiyo hiyo, panapozungumzwa juu ya kuchuma zabibu, mfasiri hakuandika kuchuma. Aliandika kukanyaga, kwa kuwa zabibu katika fikira za watu wake zilikuwa kitu cha kukanyagwa kwa miguu ili kutoa divai.

Wenyeji wa Bukoba hawatalistaajabia jambo hilo. Kwao ndizi mbivu hutiwa katika hori la mti lililochongwa kama mtumbwi, zikachanganywa na nyasi na kukanyagwa hadi zitoe maji yake matamu ya kutengenezea pombe. Basi tangu mwanzo kitenzi hiki kina nyuso mbili: mguu unaotawala, ambao huwaponda nyoka, na mguu unaofanya kazi, ambao hutoa kinywaji cha nyumbani. Tusizisahau nyuso hizo mbili, maana zitaturudia.

KUTOKA MGUUNI HADI SOKONI

Mahali palipokanyagwa mara nyingi huwa njia. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wa pwani za Ujerumani ya kaskazini, ambao kutokana na kitenzi hiki walikuwa na neno *trade*, maana yake alama ya mapito, njia iliyokwisha kupitwa. Wafanyabiashara na mabaharia walilivusha neno hilo hadi Uingereza katika karne ya 14. Hapo kwanza lilikuwa na maana ya njia, na hasa njia ya chombo baharini. Baadaye likawa na maana ya mwenendo wa mtu wa kila siku. Kisha kazi anayoishi kwayo, kama useremala au uhunzi. Na mwisho kabisa, kununua na kuuza. Leo Mwingereza anaposema *trade*, msikiaji hufikiri fedha na maduka. Ni wachache wanaokumbuka kwamba chini ya neno hilo kuna mguu wa mtu unaokanyaga njia ile ile kila siku.

Zipo pepo za baharini ambazo Waingereza huziita *trade winds*, na wengi hudhani zimeitwa hivyo kwa sababu ya biashara. Sivyo. Mabaharia walisema upepo unavuma *trade* walipotaka kusema kuwa unashika njia moja bila kugeuka. Mwenye kufasiri vitabu na atahadhari: neno linaweza kuvaa nguo mpya, lakini mwili wake ukabaki wa zamani.

Kwa Wajerumani, kitenzi kimezaa maneno kwa kuongezewa viambishi mbele, kama sisi tunavyoongeza nyuma: kanyaga, kanyagia, kanyagana, kanyagisha. Kuingia ndani ni kukanyaga kwenda ndani. Kujiuzulu ni kukanyaga kurudi nyuma. Mwakilishi, anayesimama badala ya mwenziwe, ameitwa kwa jina lililotoka katika kitenzi hicho. Kuvunja sheria ni kukanyaga kupita juu yake. Na *treten* pekee, bila kiambishi, huweza kuwa kupiga teke. Waingereza nao wana neno *downtrodden*, yaani waliokanyagwa wakawa chini, kwa wale ambao sisi tunawaita wanyonge.

KATIKA NYUMBA NA KARAKANA

Mama anayeshona kwa cherehani ya miguu anakanyaga kibao kilicho chini ya meza, na mkanda huzungusha gurudumu. Kibao hicho kwa Kiingereza ni *treadle*, mtoto halali wa kitenzi chetu. Jina hilo hilo limepewa pampu ya kukanyaga ya kumwagilia bustani, ambayo ilienea kutoka Bangladesh katika miaka ya 1980 na kufika katika mashamba mengi ya Afrika Mashariki. Kwayo mtu mmoja huweza kuvuta maji kwa uzito wa mwili wake, bila mafuta wala umeme.

Sehemu ya ngazi inayopokea mguu, na sehemu ya tairi inayogusa barabara, zote kwa Kiingereza ni *tread*. Jambo la kufurahisha ni kwamba tairi likiisha, mafundi wetu hulikata na kulifanya katambuga. Hivyo kitu kilichoitwa kwa jina la mguu wa binadamu hurudi mguuni mwa binadamu. Wafuga kuku nao wa Ulaya husema kuwa jogoo amemkanyaga tembe. Sisi kwa adabu yetu husema amempanda.

Mtu aliye katika maji ya kina kirefu, akiwa wima na kuchezesha miguu asizame, Waingereza husema anakanyaga maji. Kwa watu wa Nkombo, ambao huvuka ziwa kwa mitumbwi na mashua kwenda sokoni, shuleni na hospitalini, maarifa hayo si ya mchezo. Mzazi amfundishe mtoto mapema, na kila abiria avae jaketi la kuokolea hata kama ziwa limelala.

Upo pia uso mchungu. Mwaka 1818 mhandisi William Cubitt alibuni gurudumu kubwa la ngazi kwa ajili ya magereza ya Uingereza. Wafungwa walilipanda kwa saa nyingi, kila mmoja akikanyaga kipandio kilichokuwa kikishuka chini yake, na aghalabu kazi hiyo haikuwa na faida yoyote ila kuwachosha. Sheria ya Magereza ya mwaka 1898 ndiyo iliyoifikisha adhabu hiyo mwisho wake. Leo jina la chombo kile, *treadmill*, ni la mashine ya mazoezi ambayo askari na raia huikimbilia kwa hiari yao, tena kwa kulipa. Kukanyaga ni kule kule. Kilichobadilika ni nani anayeamrisha.

AMRI UFUKWENI MWA KIVU

Sasa tuje kwetu. Kitenzi cha Kijerumani kilifika kandokando ya Kivu kwa miguu ya wanajeshi. Mwaka 1896 maofisa wa Dola Huru ya Kongo walipigana na majeshi ya Rwanda mahali paitwapo Shangi, kaskazini ya Cyangugu, kando ya ziwa. Miaka michache baadaye Wajerumani nao waliweka kituo chao cha kijeshi huko Shangi. Daktari Richard Kandt, ambaye alikuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile katika msitu wa Nyungwe, alijenga makao yake maeneo hayo hayo, kabla ya kuanzisha mji wa Kigali mwaka 1907. Wajerumani na Wabelgiji walivutana juu ya ziwa na visiwa vyake mpaka mwaka 1910, walipopatana mipaka: kisiwa kikubwa cha Ijwi kikawa upande wa Kongo, na Nkombo ikabaki upande wa Rwanda. Wenye kisiwa hawakuulizwa. Mpaka ulipita majini, kati ya watu waliokuwa wakizungumza lugha zinazokaribiana na kuoleana.

Jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki lilikuwa na maofisa wachache Wazungu na askari wengi Waafrika. Kwanza Wasudani walioletwa mwaka 1889, baadaye Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine. Mazungumzo yao ya kawaida yalikuwa kwa Kiswahili, lakini gwaride lilikuwa kwa Kijerumani. Katika jeshi la Kijerumani, tangu enzi hizo hadi leo, amri ya kukusanyika na kujipanga ni *antreten*, na amri ya kutawanyika ni *wegtreten*. Zote mbili ni watoto wa *treten*. Siku ya askari ilifunguliwa kwa kitenzi cha kukanyaga na kufungwa kwa kitenzi hicho hicho.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Rwanda, na Wajerumani wakaondoka. Je, *treten* iliacha nini katika Kiswahili? Fungua kamusi zetu, herufi kwa herufi: hutaiona. Lakini utaiona *shule*, iliyotoka katika neno lao *Schule*. Utaiona *hela*, iliyotoka katika sarafu ya *Heller*, ambayo Wajerumani waliianzisha katika koloni lao mwaka 1904. Watawala wale wale, miaka ile ile. Neno la amri likafa, neno la darasa na neno la sarafu yakaishi.

Sababu yake ni nini? Asije mtu akasema kwamba maneno ya kijeshi hayapokelewi na Kiswahili. *Afande* ni neno la Kituruki lililoletwa na askari wa kutoka Misri na Sudani, na mpaka leo husikika kambini Dar es Salaam, Kampala na Kigali. Ila *afande* ni neno la kumwita mtu. Mke wa askari hulitumia, mtoto hulitumia, muuza duka nje ya lango hulitumia. *Antreten* haikuwa neno la kuzungumzia. Kazi yake iliisha mara tu miguu ilipotii. Kinywa kilichoitoa kilipoondoka, hapakuwa na mama wala mtoto aliyekuwa na haja nayo jikoni.

Basi neno halidumu kwa sababu limepigiwa kelele. Hudumu kwa sababu watu wana haja nalo nyumbani, sokoni na shuleni. Hata *trade* ya Waingereza haikuvuka bahari kwa amri ya mfalme. Ilivuka pamoja na mabaharia na shehena zao.

NJIA YETU WENYEWE

Kiswahili kilipata neno *hatua* kutoka kwa Waarabu, ambao huiita *khatwa*, na kwa muda wa karne nyingi za kusafiri na kufanya biashara likawa letu kabisa. Hapa wasomaji wengine hudhani kwamba *hatua* na *hatia* ni ndugu, kana kwamba kosa ni hatua mbaya. Ni wazo zuri, lakini si kweli. Katika Kiarabu ni mizizi miwili tofauti; moja huishia kwa herufi ya *wau*, nyingine kwa *hamza*. *Tread* na *trade* zinafanana kwa kuwa ni ndugu. *Hatua* na *hatia* zinafanana kama majirani wawili waliovaa kanzu za kitambaa kimoja.

Lakini kwa maneno yetu ya asili, tulipita njia ile ile ya Wajerumani bila ya kuwauliza. Kitenzi *kiuka* asili yake ni kuvuka kitu kwa kupitisha mguu juu yake. Leo tunasema kukiuka sheria, sawasawa na wao wanavyosema. Kinyarwanda husema *kurenga*, yaani kupita ng'ambo ya kitu, na *kurenga ku itegeko* ni kuvunja amri. Sisi hupiga hatua. Wanyarwanda husema *gutera intambwe*. Sisi hufuata nyayo za wazee. Wao husema *kugera ikirenge mu cya* fulani, yaani kupima unyayo wako ndani ya unyayo wake, na masimulizi yao hudai kuwa nyayo za mfalme Ruganzu Ndoli zimebaki zimechapwa katika miamba. Kenya nayo, mwaka 1978, Rais Daniel arap Moi alipochukua madaraka baada ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta, aliifanya *nyayo* kuwa wito wa utawala wake.

Hii ndiyo maana ya kusema kwamba mguu ni mwalimu wa lugha. Mahali popote penye watu, mguu hufanya njia, njia hufanya desturi, desturi hufanya sheria, na mwenye kupitisha mguu juu ya sheria huwa mkosaji. Askari na polisi wameajiriwa kusimama mwishoni mwa mlolongo huo. Ni vema wakumbuke kwamba kitenzi kinachowapanga katika safu ndicho kinachowataja wanyonge waliokanyagwa. Mguu uliofunzwa kutii ni lazima ufunzwe pia mahali usipopaswa kukanyaga.

WATOTO WA KAMBINI

Katika kisiwa cha Nkombo watu wazima kwa watoto huzungumza Kimashi, lugha iliyo karibu na zile za ng'ambo ya ziwa upande wa Bukavu. Mtoto wa huko hujifunza Kinyarwanda cha nchi yake, husikia Kiswahili sokoni, ambacho tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na shuleni hukutana na Kiingereza. Wapo wanaomhurumia mtoto huyo kwa kubeba mzigo mzito. Mimi naona ni mtoto mwenye mali. Ana njia nne za kusema kwamba mguu umegusa ardhi, na kila njia itamfungulia mlango wake, ilimradi ile ya kwanza, ya mama yake, isifungwe.

Nasema hivyo kwa kuwa hatari ipo, na ipo zaidi katika nyumba zetu. Askari huhamishwa. Mtoto huzaliwa katika kambi moja, huanza shule katika nyingine, na hubalehe katika ya tatu. Kiswahili cha kambini kitamtosha kwa michezo na masomo, nacho ni hazina yetu sote. Lakini siku atakapopelekwa kwa bibi yake, akasimama mlangoni bila neno la kumwamkia, atakuwa mgeni katika nyumba ambayo ni yake. Tumeona jinsi lugha ya amri ilivyopita Kivu bila kuacha alama. Lugha ya nyumbani nayo hupotea vivyo hivyo pale isipotumika jikoni, bila ya adui yeyote kuipiga vita.

Dawa yake haihitaji fedha. Jioni, baada ya chakula, baba na mama wawaulize watoto: kwa lugha ya bibi, kukanyaga ni nini? Hatua je? Unyayo je? Kuvuka mto, kuruka mfereji, kupita juu ya mkeka wa mtu aliyekaa, husemwaje? Wasipojua, waandikiwe wazee barua au wapigiwe simu, na majibu yaandikwe katika daftari. Nyumba yenye baba wa Cyangugu na mama wa Kigoma iwe na daftari mbili. Baada ya mwaka mmoja mtaona jinsi maneno yanavyofanana, na watoto watakuwa wamejifunza sarufi bila ya kujua kuwa wanasoma.

Nanyi mliopo uwanjani alfajiri, amri ya kutembea itakapotolewa, kanyageni kwa pamoja na kwa heshima. Tukijaliwa, juma lijalo tutazungumza juu ya maneno ya mkono: kushika, kukamata, kupokea na kunyang'anya, ambayo askari polisi wanayatumia kila siku na hakimu huyapima kila asubuhi. Hadi hapo, kaeni salama.